Mtu Fulani Alikosea: Kulisoma Shairi la Tennyson Kuhusu Wapandafarasi wa Balaclava

"The Charge of the Light Brigade", yaani Shambulio la Brigedi Nyepesi, ni shairi fupi, lenye beti 6 na mishororo 55. Mshairi Mwingereza Alfred Tennyson alilitunga tarehe 2 Desemba 1854, na kufikia tarehe 9 lilikuwa limeshatoka katika gazeti la The Examiner. Tangu hapo limekaririshwa madarasani kizazi baada ya kizazi, na ubishi juu yake haujaisha. Wapo wanaolisoma kama wimbo wa kumsifu askari asiyeuliza swali. Wapo wanaolisoma kama shutuma kwa wakubwa waliowapeleka watu kufa bure. Kila upande una mishororo yake ya kushikilia. Kwa maoni yangu, ugomvi wote huo umebanwa ndani ya mshororo mmoja mfupi, ule unaosema kwamba mtu fulani alikosea, ambao Tennyson mwenyewe aliwahi kuutoa kisha akaurudisha.

Kwanza, nini kilitokea. Mwaka huo wa 1854 Uingereza, Ufaransa na dola ya Waturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika rasi ya Crimea, zikiuzingira mji wa Sevastopol. Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba Warusi walishambulia upande wa Balaclava, bandari ndogo iliyopitisha shehena za jeshi la Waingereza. Waliziteka ngome ndogo zilizokuwa juu ya mwinuko, zikilindwa na askari wa Sultani wa Uturuki, na humo wakakuta mizinga ya Waingereza. Baadaye wakaanza kuonekana kana kwamba wanajiandaa kuihamisha.

Lord Raglan, jemadari mkuu wa Waingereza, alikuwa kilimani akiyaona yote hayo. Kwa jeshi la zama zile, kunyang'anywa mizinga ilikuwa aibu kubwa. Akatoa amri, na msaidizi wake Richard Airey akaiandika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: askari wa farasi wasonge mbele haraka, wamfuate adui, wajaribu kumzuia asiondoke na mizinga. Karatasi akapewa Kapteni Louis Nolan, mpandafarasi hodari, ateremke nayo.

Amri hiyo haikutaja ni mizinga ipi. Aliyekuwa juu kilimani hakuona haja ya kutaja, kwa sababu ilikuwa mbele ya macho yake. Lakini Lord Lucan, mkuu wa wapandafarasi wote, alikuwa chini bondeni, na mwinuko ulimziba. Mizinga pekee aliyoweza kuiona ilikuwa ya Warusi wenyewe, imepangwa mwisho wa bonde, umbali wa kilomita 2 hivi, huku mizinga mingine na askari wa bunduki wakiwa kwenye miinuko ya kulia na kushoto. Lucan akauliza: mizinga gani? Nolan akapunga mkono kuelekea bondeni na kumjibu, kwa namna iliyokaribia utovu wa adabu, kwamba adui ni yule pale na mizinga ni ile pale.

Lucan hakuhoji zaidi. Alimwendea Lord Cardigan, kamanda wa Brigedi Nyepesi, yaani vikosi vya wapandafarasi wenye silaha nyepesi waliozoezwa upelelezi na kumfukuza adui anayekimbia. Cardigan alikuwa shemeji yake, na wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja. Cardigan alimkumbusha kwamba Warusi wana mizinga mbele na pande zote mbili. Lucan akajibu kwamba anajua, lakini ndivyo Raglan anavyotaka. Basi Cardigan akakaa mbele ya watu wake na wakaingia bondeni, watu wapatao 670. Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Alionekana akikatiza mbele ya kikosi huku akipunga upanga na kupiga kelele, kisha kipande cha kombora kikampiga kifuani. Kama alikuwa akijaribu kuwageuza waelekee kwenye mizinga iliyokusudiwa, alikufa na siri yake.

Waliobaki walifika. Jambo hili watu hulisahau: waliifikia mizinga, wakawakata wapiga mizinga, wakawasukuma nyuma wapandafarasi wa Kirusi waliokuwa nyuma ya mizinga hiyo, kisha wakalazimika kurudi kwa njia ileile, chini ya moto uleule. Kwa jumla waliuawa watu kama 110 na kujeruhiwa kama 160, na farasi waliokufa au kulazimika kuuawa walikuwa mamia. Jenerali Bosquet wa Ufaransa, aliyekuwa akitazama, alisema kauli iliyodumu: ni jambo la fahari, lakini hivyo sivyo vita vinavyopiganwa.

Habari zilichukua wiki kadhaa kufika London. William Howard Russell, mwandishi wa The Times aliyekuwa Crimea, alituma ripoti iliyochapishwa tarehe 14 Novemba, na siku moja kabla gazeti hilohilo lilikuwa limeandika katika maoni yake kwamba palikuwa na kosa la kutisha. Raia wa kawaida walikuwa hawajazoea kupata habari za vita kwa namna hii, maelezo ya aliyeshuhudia yakisomwa wakati vita vyenyewe bado vinaendelea. Tennyson alikuwa mshairi rasmi wa ufalme tangu 1850. Alilisoma tukio hilo gazetini kama wengine wote, akiwa mbali na moshi, na maneno ya gazeti kuhusu kosa yakamganda kichwani. Kwa maelezo yaliyohifadhiwa na mwanawe, mapigo ya shairi zima yalizaliwa kutokana na kauli hiyo. Shairi halikuanza na ushujaa. Lilianza na kosa, na ushujaa ukaja kupangwa kulizunguka.

Tuyasikilize mapigo hayo, maana hapa ndipo msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili anapoweza kupotea. Sisi tunahesabu mizani: utenzi una silabi 8 kwa mshororo, shairi la kawaida 8 kwa 8, na kila silabi ina haki sawa katika hesabu. Ushairi wa Kiingereza wa enzi ya Tennyson unahesabu zaidi mkazo. Katika shairi hili silabi moja nzito inafuatwa na mbili nyepesi, halafu nzito tena, nyepesi mbili. Maneno ya ufunguzi, "Half a league, half a league, half a league onward", yanakwenda hivyo. Ukitaka kuisikia kasi hiyo kwa Kiswahili, tamka kwa haraka, ukikaza silabi ya kwanza ya kila fungu: mbele tu, mbele tu, mbele tu songa. Hizo ni kwato. Na kwa kuwa mkazo unakuja mwanzoni kabisa mwa mshororo, hakuna nafasi ya kuvuta pumzi. Unajikuta umeshasukumwa kabla hujajua unakwenda wapi, kama walivyosukumwa wao.

League ni kipimo cha zamani cha maili 3 hivi, kwa hiyo nusu yake ni zaidi kidogo ya kilomita 2, karibu na urefu halisi wa bonde. Tennyson hafanyi hesabu anaporudia mara tatu. Anatembeza farasi.

Namba ya askari nayo aliichagua kwa sikio. Gazeti lilikuwa limetaja wapandafarasi 607. Baadaye alipoelezwa kwamba huenda walikaribia 700, alijibu kwamba kwa upande wa mizani mia sita inafaa zaidi, na ikabaki hivyo. Mwanahistoria atakasirika. Mtunzi yeyote aliyewahi kuhangaika na silabi moja inayozidi atamwelewa.

Sasa tutazame vina, kwa sababu hapo ndipo shairi linaposema kile ambacho maneno yake yanakwepa kukisema. Katika utenzi, kina cha mwisho cha kila ubeti, kile cha bahari, hubaki kilekile kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na ndicho kinachoufunga utenzi mzima uwe kitu kimoja. Tennyson hakujua utenzi, lakini amefanya jambo linalofanana sana na hilo: kila ubeti unaishia na neno hundred, yaani wale mia sita. Kisha ndani ya beti anatafuta maneno yanayoliitikia neno hilo: blundered, la kosa, katika ubeti wa 2; thundered, la ngurumo ya mizinga, katika ubeti wa 3 na wa 5; wondered, la dunia kustaajabu, katika ubeti wa 4 na wa 6; sundered, la safu kutawanyika, katika ubeti wa 4. La kwanza kabisa kuliitikia neno la mia sita ni neno la kosa. Kosa lenyewe linatajwa mara moja tu katika shairi zima, lakini kina chake kinarudi ubeti hadi ubeti, na sikio likishalipokea halilisahau. Kila wanapotajwa wale mia sita, mwangwi wa kosa unafuata nyuma yao.

Ndiyo maana naona wanaosema shairi hili ni sifa tupu wamelisoma kwa macho tu.

Hata hivyo ni kosa la nani? Shairi linasema mtu fulani. Mwezi Desemba 1854 jibu hilo lilikuwa la haki, kwa sababu Uingereza nzima ilikuwa bado inauliza. Raglan alimwambia Lucan kwamba ndiye aliyeipoteza Brigedi Nyepesi. Lucan akasema alitii amri iliyoandikwa, na aliporudishwa nyumbani mwaka 1855 alijitetea mbele ya Bunge la Malodi. Raglan alifia Crimea mwezi Juni mwaka huo. Airey ndiye aliyeandika maneno yenye utata. Nolan alikuwa kaburini, na maiti ni rahisi kubebeshwa lawama. Katika toleo moja la awali la shairi hili, jina la Nolan lilikuwemo: ndiye aliyetoa sauti ya kusonga mbele. Baadaye Tennyson aliliondoa, na katika shairi tunalolisoma leo amri inatoka kwa "yeye" asiye na jina.

Kutotaja majina kunafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na sidhani kama zinaweza kutenganishwa. Kazi ya kwanza ni kuwasitiri wakubwa. Hao walikuwa mabwana wa tabaka la juu, wakati ambapo cheo cha afisa katika vikosi vya farasi kilinunuliwa kwa fedha, utaratibu uliokuja kufutwa mwaka 1871. Cardigan mwenyewe alilipa fedha nyingi ili awe kamanda wa kikosi. Mshairi wa ufalme asingewataja hadharani kwa urahisi. Kazi ya pili ni kuwanyima utukufu. Cardigan alitangulia mbele ya wote, akarudi mzima, na alipofika Uingereza alipokelewa kama shujaa. Katika shairi hana hata nusu ya mshororo. Wenye nafasi humo ni wale mia sita, na wanatajwa wote kwa pamoja bila cheo. (Majina ya mabwana yalihifadhiwa kwingine: ukichambua robota la mitumba utaikuta sweta ya kadigani, shati la mikono ya raglan, na ile kofia inayofunika uso mzima inayoitwa balaclava.)

Mishororo inayonukuliwa kuliko mingine yote ni ile mitatu ya ubeti wa 2. Kwa tafsiri ya haraka inasema hivi: kujibu haikuwa kazi yao, kuuliza sababu haikuwa kazi yao, yao ilikuwa kutenda na kufa. Watu wengi huinukuu wakisema kutenda au kufa, na kwa kubadilisha kiunganishi hicho kimoja wanampa askari nafasi ya kupona ambayo Tennyson hakumpa. Lakini la kuangalia zaidi ni mahali mishororo hiyo ilipowekwa. Inatanguliwa moja kwa moja na kauli kwamba askari alijua kuna aliyekosea. Kwa hiyo utii unaosifiwa hapa si wa mtu asiyejua kinachoendelea. Askari anajua, anaona, na mdomo wake umefungwa na kazi yake. Tennyson hasemi kwamba hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Anasema hivyo ndivyo ilivyokuwa, kisha anaendelea na safari.

Ukirudi kwenye tukio unaona jambo ambalo shairi halikulitaja. Waliokuwa na ruhusa ya kujibu walijibu. Lucan alimuuliza Nolan, Cardigan akamuuliza Lucan, na kila mmoja akaridhika kwamba wajibu wake umekwisha kwa kuuliza. Swali lilipanda na kushuka ngazi ya maafisa bila kumfikia Raglan, na wasioruhusiwa kuuliza ndio waliolipa kwa wingi zaidi. Mimi ningependa shairi ligusie hilo. Halikugusia, na huo ndio upungufu wake mkubwa.

Bonde la mauti, kama shairi linavyoliita, halihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kukaa katika mazishi ya Kikristo. Ni Zaburi ya 23: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya." Wasomaji wa Tennyson waliijua zaburi hiyo kwa moyo, na bila shaka waliendelea na sehemu inayofuata vichwani mwao, ile ya "kwa maana Wewe upo pamoja nami". Katika shairi sehemu hiyo haipo. Mungu hatajwi popote. Kuna bonde, kuna mauti yenye taya, kuna jehanamu yenye mdomo, na mchungaji hayupo. Kwa jamii iliyokuwa ikienda kanisani kila Jumapili, pengo hilo lilikuwa la kusikika.

Ubeti wa 3 na wa 5 ni mapacha, na tofauti zao ni ndogo za makusudi. Katika ubeti wa 3 mizinga iko kulia kwao, kushoto kwao, mbele yao. Katika ubeti wa 5 iko kulia, kushoto, na nyuma yao. Neno moja limebadilika na safari nzima imegeuka. Katika ubeti wa 3 wanaingia kwenye taya za mauti kwa ujasiri; katika ubeti wa 5 wanatoka humo, na katikati ya ubeti farasi na mashujaa wameanguka pamoja. Kati ya beti hizo mbili upo ubeti wa 4, mrefu kuliko yote, ndio wa vitara vinavyometameta na safu ya adui inayopasuka. Kwa muda mfupi unaweza kuamini kwamba wameshinda. Halafu ubeti unaisha kwa kusema walirudi, lakini sio, sio wale mia sita. Takriri hiyo ya "sio" ni mahali pekee ambapo sauti ya msimulizi inakwama.

Mwaka 1855, alipoliweka shairi katika kitabu chake, Tennyson aliufuta mshororo wa kosa. Baadhi ya wasomaji walikuwa wameulalamikia, na yeye alikuwa mtu wa kuumizwa na lawama. John Ruskin, mhakiki mashuhuri wa zama hizo, alimwandikia kusikitika: mshororo huo, alisema, ndio wenye msiba kuliko yote, ni wa kweli kihistoria na msiba wa shairi hauwezi kusimama bila huo. Mwaka huohuo ilikuwa imemfikia habari kwamba askari walioko Crimea wanalipenda shairi na wangependa nakala zake. Tennyson akachapisha karatasi za kuwapelekea, na katika karatasi hizo kosa lilikuwa limerudi mahali pake. Askari hawakuhitaji kufichwa kitu wakijuacho kuliko yeye.

Ubeti wa mwisho unauliza utukufu wao utafifia lini, kisha unaamuru waheshimiwe. Dunia inastaajabu, kwa kusifia au kwa kutoamini, shairi halichagui. Wakosoaji wengi huuona ubeti huu kuwa dhaifu, wa kupigia makofi, na sibishani nao sana. Baada ya ubeti wa 5 hapakuwa na la kuongeza, ila kazi ya mshairi wa ufalme ilidai aongeze.

Heshima iliyoamriwa haikulipa kodi ya nyumba. Kufikia 1890, baadhi ya askari walionusurika siku ile walikuwa wazee mafukara, na ikabidi michango ya hadhara ipitishwe kwa ajili yao. Florence Nightingale, muuguzi wa vita vile, alirekodiwa sauti kuunga mkono mchango huo. Mpiga tarumbeta Martin Lanfried, mmoja wa walionusurika, naye alirekodiwa akipuliza mlio wa kushambulia. Rudyard Kipling akaandika shairi la uchungu akiwachora wazee hao wakienda kumkumbusha Tennyson kwamba wana njaa. Tennyson mwenyewe, akiwa na miaka 80, alilisoma shairi lake mbele ya mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Rekodi hiyo ipo hadi leo, chakavu na yenye mikwaruzo, na anachokikazia humo kuliko kitu kingine chochote ni mapigo.

Lipo shambulio jingine la farasi siku hiyohiyo, saa chache kabla. Brigedi Nzito ya Waingereza chini ya Jenerali Scarlett iliwavamia wapandafarasi wa Kirusi waliowazidi kwa mbali, tena ikipanda kilima, na ikawarudisha nyuma kwa hasara ndogo. Tennyson aliwatungia shairi lao mwaka 1882, lenye mia tatu badala ya mia sita, vitara vilevile, kelele zilezile. Ni kazi ya fundi yuleyule, na hutamkuta mtu anayelijua kwa moyo. Amri ya Scarlett ilieleweka, ikatekelezwa, ikafanikiwa, na mshairi alibaki na ushujaa peke yake wa kuandikia.